Katani Isiyo na Miiba

Jumatatu, 3 Septemba 2018

Nimefungua ukumbi wa jumuiya yetu saa moja na nusu. Boila imegoma. Nimeipiga teke mahali pake pa kawaida, ikawaka. Huo ndio ufundi wangu wote, miaka ishirini na sita ndani ya Birmingham.

Chumba cha nyuma, ukungu umepanda tena. Ijumaa nilikisugua mpaka kiuno kikalia. Leo ukuta wa upande wa uchochoro ni mweusi kama masizi ya sufuria. Kina mama wa Jumatano hukaa humo na makoti yao, viti vyote katikati, mbali na kuta, kama kuku wanaokwepa mvua. Bi Fardosa, mwenyekiti wetu, ana pumu. Tangu nimjue sijamwona akivua koti ndani ya chumba kile. Hata Idi. Hata siku ya keki.

Kamati imeamua. Chumba kisipokauka kabla ya baridi, kinafungwa. Kina mama waende wapi? Kila mtu akaangalia viatu vyake.

Jioni Zuhura amekuja na jawabu. Binti yangu, mwaka wa mwisho wa masomo ya ujenzi. Chuo chake kinatafuta jengo la kujaribia kuta za mmea. Vipande vya shina vinachanganywa na chokaa, vinashindiliwa ukutani, ukuta unapumua, unyevu unatoka. Na mmea huohuo unatoa mbegu za kula, na vibweta vya kufungia chakula. Hakuna kinachotupwa. Chuo kitatoa vifaa na fundi. Sisi tutoe ukuta mbovu tu. Tunao.

Nikamuuliza mmea gani. Akasema "hemp". Zuhura anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama redio iliyokwama kwenye stesheni moja.

Nikajifanya najua. Kisha nikajifungia chooni na kamusi yangu ya shule. Hemp: katani.

Katani! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu Mwanaidi akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Mimi, mtoto wa shamba la mkonge, Korogwe. Baba yangu alikata mkonge mpaka vidole vyake vikasahau kunyooka. Nimekula katani, nimevaa katani, nimechapwa kwa kamba ya katani. Nimeikimbia hadi Uingereza, na imenifuata kwa jina la kizungu.

Jumatano, 5 Septemba

Kikao cha kamati. Zuhura alikuja na picha zake, mashine ya picha ikagoma. Nikaipiga teke. Ikafa kabisa. Basi akabaki na maneno, na mimi mkalimani.

Nilikuwa moto. Yeye akisema dakika moja, mimi natafsiri kumi. Nimewasimulia mkonge wote: miiba, mashine ya kukamua, nyuzi zikianikwa juani kama nywele za bibi kizee, milingoti tuliyojengea mabanda. Zuhura akaanza kuchezea simu yake. Anazijua hadithi zangu za utotoni, huziacha zipite kama basi lisilo lake.

Mwanaidi alikuwa ametengeneza kashata kwa zile mbegu, alizoleta Zuhura. Nami, mtoto wa mkonge, sijawahi kuona mkonge wenye mbegu za kuliwa. Nikajiambia: Wazungu wamefika mwezini, mbegu ndiyo iwashinde?

Bi Fardosa aligeuza kashata mara mbili bila kuionja. Msomali wa Isiolo, hamezi kitu asichokijua. Akaniuliza mbele ya wote.

"Kaka Salehe, mimi siingizi kitu humu bila kujua ni nini. Hii ni nini?"

"Katani, dada. Mkonge."

"Ule wa kamba? Wa viondo?"

"Wa viondo. Wallahi. Nimezaliwa ndani yake."

Akala. Wengine wakala. Ukuta wa kwanza umepita bila kura ya kupinga. Wa pili utapigiwa kura tarehe tatu Oktoba, tukiona wa kwanza unavyokwenda.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mara ya kwanza kamati imenisikiliza kwa jambo lisilohusu choo.

Alhamisi, 6 Septemba

Niandike hili, nisilisahau. Bi Fardosa ana sababu ya kuuliza. Mwanawe Abdi aliharibikiwa akili kwa bangi. Alikuwa kijana wa hesabu. Sasa yuko kwenye kituo cha matibabu, mwaka wa tatu, na mama yake humtembelea kila Jumapili. Wauzaji walikuwa wakisimama mlangoni pa ukumbi wetu. Bi Fardosa aliwafukuza kwa ufagio. Mwanamke mwenye pumu, peke yake, na ufagio. Hawakurudi. Mimi nilikuwa ndani, nahesabu viti.

Jumamosi, 15 Septemba

Fundi amefika. Anaitwa Colin, mkubwa kama kabati, mpole kama ng'ombe wa maziwa. Kwanza ametengeneza mfereji wa mvua uliokuwa ukimwaga maji ukutani miaka yote hii. Nilikuwa nikisugua ukungu ndani na kuunywesha maji nje. Sijamwambia mtu.

Kisha magunia. Nimefungua la kwanza kwa pupa. Vipande vidogo vya rangi ya nyasi kavu, kama vya kutandika banda la kuku. Ndiyo mlingoti uliokatwakatwa, nikasema. Harufu yake ya zizi baada ya mvua. Siikumbuki harufu hiyo Korogwe. Nikailaumu pua yangu, imezeeka.

Nilimuuliza Colin miiba wameitoaje. Akanitazama. Akasema haina miiba. Nikauliza unachukua miaka mingapi kukomaa. Akasema miezi minne.

Miezi minne! Mkonge wetu ulikuwa ukila miaka mitatu kabla ya jani la kwanza kukatwa. Nimesimama na beleshi mkononi, nimeshtuka. Mkonge usio na miiba, unaozaa mbegu, unaokomaa haraka kuliko mimba. Baba angelia. Au angeomba pensheni yake.

Tumeshindilia mpaka saa kumi. Tabaka kwa tabaka, nyuma ya mbao za kushikilia. Chokaa imenila mikono. Zuhura alinipa glavu asubuhi, nikazikataa kwa sababu ya utu uzima.

Jumatano, 19 Septemba

Mbao zimeondolewa. Ukuta umesimama, mnene, wa rangi ya asali, na vipande vyake vinaonekana. Bado umelowa. Utachukua wiki nyingi kukauka.

Kina mama wamekuja kuukagua kama bibi harusi. Chakula kimeletwa kwenye vibweta vya nyuzi za mmea huohuo, nami nimehutubia tena. Nimewaambia kibweta hiki, ukimaliza kula, ukizike bustanini, kinaoza. Bi Fardosa akasema, "Basi afadhali kuliko wewe, kaka. Wewe hata boila hujaizika." Wakacheka sana. Nikacheka pia. Anapokutania Bi Fardosa, ujue umekubaliwa.

Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, aliukaribia ukuta akanusa. Akanitazama. Akanusa tena. Akatabasamu bila neno, akala kashata tatu. Nimedhani ananisifu.

Jumatatu, 24 Septemba

Bi Fardosa amepita asubuhi kwa ajili ya jambo moja tu. Jana alimpelekea Abdi kashata. Kijana hali vizuri huko, dawa zinamkausha mdomo na hamu. Alikula zote, akaomba nyingine.

"Aliomba, kaka. Mwenyewe."

Ameniomba pakiti kwa Jumapili ijayo. Mwanaidi anatengeneza kesho. Nimefurahi sana, ndiyo maana naandika. Siku nyingine sina la kuandika ila boila.

Alhamisi, 27 Septemba

Niandike taratibu.

Harjit amerudi kutoka Kanada kwa bintiye. Kalasinga wa Kisumu, fundi wetu wa umeme, mjumbe wa kamati. Kikao cha tarehe tano hakuwapo. Leo amekuja kutazama swichi za chumba cha nyuma. Magunia matupu nilikuwa nimeyakunja vizuri, upande wa maandishi chini. Yeye akalichukua moja kufutia mikono. Akaligeuza.

Picha ya jani. Vidole saba.

"Salehe. Hii nini?"

"Katani."

"Katani gani, bwana! Nani alikuambia hii ni katani? Hii bangi!"

Nikasema hapana. Nikasema kamusi. Harjit alicheka mpaka akaketi sakafuni na kilemba chake kikainama. Akasema kwao siku za sherehe babu yake alisaga majani ya ndugu wa mmea huu na maziwa, akanywa, akaimba mpaka ng'ombe wakakimbia. "Babu alikunywa kikombe kimoja tu! Wewe umejaza ukuta mzima!"

Nimesimama tu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, Wallahi. Nimezaliwa ndani yake.

Kisha nikakumbuka pakiti ya Abdi. Mwanaidi ameshaitengeneza. Bi Fardosa ameshaichukua.

Harjit alinitazama, akaacha kucheka.

Ijumaa, 28 Septemba

Nimempigia Zuhura asubuhi. Nimemuuliza kwa upole wote niliobakiwa nao: hemp ni bangi?

Akasema, kwa Kiswahili, jambo lisilotokea kila mwaka: "Baba, hukujua?"

Alidhani katani ndilo jina lake. Alidhani miiba na mashine na milingoti ni kumbukumbu zangu tu, za kupamba. Ati ni jambo la kwanza analolijua kila mtu kuhusu mmea ule. Yeye ameshtuka kwamba sijui. Mimi nimeshtuka kwamba yeye anajua. Tumeshtukiana kwenye simu dakika nzima.

Amenieleza. Mmea ni jamii moja na bangi, lakini huu umechaguliwa miaka mingi usiwe na ulevi. Wakulima hapa wanaulima kwa kibali cha serikali. Mbegu zinauzwa madukani peupe, karibu na shayiri. Ukila gunia zima utaumwa tumbo tu. Namwamini. Ni kama mbwa na mbwamwitu, nikajiambia. Halafu nikajiuliza, ni nani amewahi kumpelekea mbwa mtu aliyeng'atwa na mbwamwitu, na asimwambie?

Mwanaidi nimemwambia mchana. Aliangalia mikono yake. "Nimesaga bangi? Mimi?" Nikamweleza habari za kibali na shayiri. Akasikiliza yote. Akaosha sufuria mara tatu, ya nne akaitoa nje.

Kisha akasema lile ambalo mimi nilikuwa nalikwepa. "Hiyo mimea yako iache. Fardosa aliuliza, wewe ukaapa."

Ndiyo. Tatizo si jani. Tatizo ni mdomo wangu.

Shetani ana hesabu nzuri. Nikinyamaza mpaka Jumatano, ukuta wa pili unapita, chumba kinapona. Nikisema, Bi Fardosa anausimamisha, na Novemba kina mama wako nje. Kamusi itanilinda. Hata Harjit ameahidi kunyamaza. Lakini kabla ya Jumatano kuna Jumapili. Jumapili anakwenda na pakiti.

Mimi ni mwoga. Naandika ili nilione neno hilo.

Jumamosi, 29 Septemba

Nimekwenda Shard End, nyumbani kwa Bi Fardosa. Mabasi mawili, safari ndefu. Ndiyo safari anayoifanya yeye kila Jumatano ili akae na koti kwenye chumba chenye ukungu. Sikuwahi kuifikiria.

Alinifungulia kwa furaha. Akaweka chai, yenye iliki na tangawizi, na anjera, zile chapati za maji za Kisomali, na asali. Pakiti ilikuwa mezani. Ameifunga utepe wa kijani.

Nilitaka kuanza mbali. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi: kamusi, Korogwe, marehemu baba. Yote yakatoroka.

"Dada, ile si katani. Ni jamii ya bangi. Hailevyi, lakini ni jamii yake."

"Ati nini?"

Nikarudia. Mara ya pili ni mbaya zaidi.

Hakupiga kelele. Aliichukua ile pakiti, akaiweka mapajani mwangu, polepole, kama unavyomrudishia mtu mtoto wake. Akabaki amesimama. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. Akavuta dawa yake ya pumu mara mbili. Nikasimama pia, sijui kwa nini.

"Nimempelekea kwa mkono wangu," akasema. "Abdi. Mkono huu."

Kisha: "Ulikuwa unanidanganya ama hukuwa unajua?"

"Sikujua."

"Na ukaapa."

Nikaushika utepe wa ile pakiti.

"Miaka kumi na moja nafagia ule mlango, Salehe." Hakusema kaka. "Enda nyumbani."

Aliufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Chai sikuimaliza. Pakiti nimeishika mapajani mabasi yote mawili. Mama mmoja akaniambia utepe ni mzuri, ni wa sherehe gani?

Jumatano, 3 Oktoba

Bi Fardosa hakuja. Kiti chake kitupu.

Nimesimama nikasema yote, bila Korogwe, bila baba. Nusu dakika. Hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo pekee waliyoisikiliza mpaka mwisho.

Mshtuko. Mmoja akaomba msamaha kwa Mungu kwa sauti. Mmoja akauliza kama ndiyo maana alilala vizuri wiki ile. Mmoja akasogeza kiti mbali na ukuta, ukuta uleule aliokuwa akiupapasa.

Ndipo Mama Furaha akainua mkono.

"Miye nilijua tangu siku ya kwanza. Kwetu tunaita chanvre. Niliisikia na harufu. Nilizani munajua wote."

Vichwa vyote vikageuka. Harjit akauliza kwa nini hakusema.

"Mulikuwa munafurahi," akasema Mama Furaha. "Na Papa Salehe alikuwa anasimulia vizuri."

Nimewahi kuaibika maishani. Niliwahi kuvuliwa suruali na mbuzi mbele ya darasa. Hii imezidi.

Kura imeahirishwa. Kazi imesimama. Kashata zimekatazwa. Vibweta vilivyobaki nimeviweka stoo, chini ya bendera.

Niliweka funguo za ukumbi mezani. Hakuna aliyezichukua. Harjit akazisukuma kwangu. "Nani mwingine anajua mahali pa kupiga hiyo boila?"

Jumapili, 14 Oktoba

Zuhura haongei nami vizuri. Chuo kinamuuliza maendeleo, hana la kusema. Si bangi iliyomuudhi. Ni kwamba kazi yake ya kwanza imesimamishwa na hadithi yangu.

Leo Bi Fardosa yuko kwa Abdi. Najiuliza amebeba nini.

Jumatano, 17 Oktoba

Baridi ya kwanza. Ukuta wa uchochoro unazidi kuwa mweupe, unakauka kutoka juu kwenda chini. Naupapasa kila asubuhi kama mganga. Hakuna ukungu. Ukuta wa pili, ule wa uani, unatiririka. Viti nimevipanga katikati. Bi Fardosa hakuja. Wiki ya tatu.

Jumatano, 24 Oktoba

Amekuja.

Saa nne kasoro, kabla ya wengine. Nilikuwa nimepiga magoti, natoa majani kwenye mlango. Niliona viatu vyake kwanza. Nikabaki nimepiga magoti, ilionekana ndio mkao unaofaa.

Aliingia chumba cha nyuma na koti lake. Nikamfuata. Alisimama mlangoni akazungumza na ukuta, si na mimi.

Amesema Jumapili ileile, kesho yake baada ya mimi kwenda kwake, alimwambia daktari wa kituo kila kitu. Alikuwa tayari kufukuzwa, tayari hata kushtakiwa. Daktari akamsikiliza, akamwambia mbegu zile hazikumdhuru, ila wakati mwingine chakula chochote kipite kwao kwanza. Kisha ikabidi amwambie Abdi mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Hawajawahi kulitaja neno lile kati yao, miaka yote. Yeye hulizunguka, mtoto hulizunguka.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi mamako nimekuletea bangi."

Akaushikilia mlango.

"Akaniangalia. Akasema, 'Mama? Wewe? Mwenye ufagio?' Halafu akacheka. Kaka, alicheka! Muuguzi akaja mbio akidhani kuna shida. Akawa ananionyesha kwa kidole: huyu, huyu ndiye ananiletea!"

Alikuwa analia na kucheka pamoja, na kifua kinapiga filimbi. Sikujua nimpe kiti au nimpe maji. Nikampa vyote, na maji yakamwagika kwenye kiti.

Miaka mitatu hajamsikia akicheka, amesema. Alikuwa ameisahau sauti yake. Na baada ya kucheka waliongea. Kuhusu lile neno. Saa nzima.

Nimeshtuka kwa namna nyingine kabisa. Kosa langu limeingia mahali ambapo nia njema ya watu wote haikufika. Sistahili hata chembe ya hilo, na sitajisingizia.

Kisha akafuta uso, akawa mwenyekiti.

Kula, hapana. Yeye hawezi, na hataki mtu amshawishi. Vibweta, atafikiri. Ukuta, sawa, ukuta hauliwi. Atausemea mwenyewe kwenye kamati. Lakini kwa sharti.

"Jina liandikwe mlangoni. La kweli. Kila anayeingia asome kabla hajakaa. Na wewe usitafsiri tena kitu."

Nimekubali yote mawili. La pili Mwanaidi amelipokea kwa takbira.

Jumamosi, 10 Novemba

Ukuta wa uani. Colin, Zuhura, Harjit aliyekuja kucheka lakini akashika mti wa kushindilia, na mimi na glavu.

Kibao kimenitoa jasho kuliko ukuta. Jina la kweli ni lipi? Kamusi inasema katani, na kamusi imenifikisha hapa. Mama Furaha anataka chanvre. Harjit anataka picha ya babu yake. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Zuhura akaniambia, "Baba, just say what it is." Nikaandika hivi: *Kuta hizi ni za hemp na chokaa. Hemp ni mmea wa jamii ya bangi, usiolevya. Si mkonge.*

Mwanaidi ameuliza, si mkonge ya nini tena, nani atadhani ni mkonge?

Nikamwambia hiyo ni ya kwangu.

Zuhura amekipigilia msumari. Alikisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, taratibu, kama mtoto. Akaniegemea kidogo begani. Kidogo tu.

Jumatano, 6 Februari 2019

Theluji imeyeyuka nusu. Barabara ya Coventry ni tope tupu. Nimefungua saa moja na nusu. Boila imewaka yenyewe, nikaachwa na mguu hewani.

Nimepanga viti. Safari hii kandokando ya kuta, si katikati. Nimepapasa kuta zote mbili. Kavu. Zina uvuguvugu kama mgongo wa mnyama aliyelala.

Bi Fardosa amefika wa kwanza. Mabasi mawili, kwenye tope hilo. Amesoma kibao, kama anavyofanya kila mara, mstari kwa mstari. Amekaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo ukutani. Akauliza kama chai iko tayari. Nikasema bado, dada. Akasema sawa.

Baada ya muda akavua koti.

Nimelitundika.